Acha Wakate

Mwanangu Maimuna,

Barua huanza kwa kuulizana hali, na mimi hali yako naijua. Umetoka hapa baada ya sala ya alasiri kwenda Likoni kuwaaga shangazi zako, umevaa dera la maua ya zambarau na uso umeukunja, kwa sababu nimekuuliza tena kama sweta umelitia begini. Hali yangu utaiona ukirudi. Basi salamu tuziruke.

Begi lenyewe liko hapa ukumbini, limesimama karibu na mlango kama mgeni aliyekataa chai. Nimelihamisha mara mbili nipate kufagia, ingawa hapakuwa na taka. Sitakuandikia mambo ya kula, ya kulala, wala ya baridi ya huko Nakuru unakokwenda kuanza kazi. Hayo nimeyasema mpaka juzi ukanishika mabega ukaniambia, "Mama, basi, nimesikia tangu Rajabu." Haya, nimenyamaza. Ninalotaka ni kukujibu swali lako la karatasi za benki.

Uliniletea karatasi zile wiki jana, umeshazijaza, umeshatia saini yako nzuri ya watu waliosoma. Ukanieleza kwa utaratibu, kama unavyowaeleza wagonjwa dawa zao: jina lako liingie katika akaunti yangu, ukipata mshahara utie chochote humo, na siku nikiugua tusihangaike kama tulivyohangaika kwa babako. Nami nitapata kadi, nitoe pesa kwenye mashine, niache kukatwa ada kila mwezi pale dirishani. Pakabaki mahali pamoja tu patupu, pale panapouliza ni saini ya nani itakayotoa pesa: yeyote mmoja, au wote wawili. Ukasema, "Mama, hapo weka yeyote mmoja, kisha upeleke." Umeniuliza mara mbili kama nimepeleka. Mara ya kwanza nikasema foleni ilikuwa ndefu. Mara ya pili nikajifanya sufuria inaungua.

Haikuwa foleni, mamangu, wala sufuria. Nilikuwa nataka kuweka wote wawili.

Ili unielewe sina budi nikurudishe nyuma, na nakuomba usinihukumu mpaka nimalize. Ukishamaliza hukumu upendavyo, utakuwa mbali.

Wewe umekua ukijua kwamba mimi na babako tunakwenda benki pamoja kila mwisho wa mwezi. Ulidhani ni sheria ya benki. Uliwahi hata kuwaambia wenzako wa chuoni kwamba benki haimpi pesa mwanamke asiyekuja na mumewe. Tulicheka mimi na babako, kila mtu akacheka upande wake, maana sote wawili tulijua sheria ile ilitoka kwa nani. Ilitoka kwangu.

Ulikuwa hujaanza shule. Mimi nilikuwa nimepata fungu langu la pesa za nyumba ya marehemu babangu kule Kuze, na babako alikuwa na akiba yake ya kazi ya bohari, tukakubaliana tuziweke pamoja tujenge hapa Mtopanga. Ubahili wa babako unaujua. Mtu alikuwa akipasua tyubu ya dawa ya meno kwa mkasi apanguse ndani. Misumari iliyopinda aliinyoosha kwa nyundo akaitia kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo hilo mpaka leo liko uvunguni na sina la kulifanyia. Kwamba atazichezea pesa, hilo halikunipitia hata kichwani.

Wasiwasi wangu ulikuwa tumbo langu. Baada yako sikupata tena mtoto. Nilibeba nikapoteza, nikabeba nikapoteza, kisha hata kubeba kukakoma. Bibi yako, mamake babako, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kuficha neno. Siku ya Idi, mbele ya sinia ya pilau, alimwambia mwanawe, "Mtoto mmoja ni jicho moja. Likiingia mchanga ndiyo kiza." Babako akaendelea kula. Hakusema ndiyo, hakusema la. Laiti angesema kitu! Mimi nikabaki na tonge mkononi, na watu wote wakatazama achari.

Haukupita muda nikaanza kusikia. Kuna mwanamke mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, ameachika, ana watoto wawili, yaani kizazi chake kimeshaonekana. Babako ameonekana barazani kwao. Nani kamwona? Watu. Watu gani? Watu. Nikaenda kwa somo yangu Bi Rukia, aliyenifunda nilipokuwa naolewa, nikalia mpaka ukaya wangu wa kichwani ukalowa. Bi Rukia akatafuna tambuu yake taratibu, akasema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kuoa huwezi kumzuia, sheria anayo. Lakini mahari atatoa wapi? Zifunge pesa kwa kufuli mbili, ufunguo mmoja ukae kwako."

Basi nikazifunga. Siku ya kufungua akaunti, yule bibi wa benki akauliza, yeyote mmoja au wote wawili? Babako alikuwa ameshafungua mdomo. Nikamwahi. "Wote wawili," nikasema. Babako akanigeukia. Sijui nikuelezee vipi uso ule. Haukuwa wa hasira, wa hasira ningeujua. Akaniuliza polepole, "Hivyo ndivyo utakavyo?" Nikamwambia, "Ndivyo." Akasema, "Haya," akatoa kalamu mfukoni, akatia saini.

Kalamu yake mwenyewe. Ile ya benki ilikuwa imefungwa kamba pale mezani, na miaka yote ile hakuishika hata siku moja. "Sipendi kalamu ya kamba," alikuwa akisema. Nami namwambia, "Wewe hupendi chochote."

Akaunti ya saini mbili haipewi kadi. Kadi ni ya mtu mmoja, na namba yake ya siri ni ya mtu mmoja. Kwa hivyo kila tulipotaka pesa, za mawe, za fundi, za karo yako, sharti twende sote wawili, tupange foleni, tutie saini mbele ya mtu wa dirishani. Na dirishani wanakata. Si pesa za kumfilisi mtu. Ni mkate na pakiti ya maziwa, pengine na mayai mawili juu yake. Lakini kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, kwa mtu anayepasua tyubu kwa mkasi! Nilijua kila zikikatwa zinamuuma, na wallahi mwanzoni nilifurahi. Nilisema, naam, na imuume.

Tulikuwa tukitoka asubuhi, yeye na kanzu ya kijivu iliyopigwa pasi, mimi na buibui langu la arusini. Tunakwenda kwa miguu mpaka Bombolulu, kwa sababu nauli nayo ni pesa. Zamani yeye alikuwa mbele na mimi nyuma, kisha sijui ilianza lini, tukawa tunakwenda sambamba. Tunachukua tiketi ya namba, tunakaa kwenye vile viti vya chuma vilivyoungana, tunangoja mashine itutaje. Nyumbani tulikuwa na wewe, na wapangaji, na kachri zangu za muhogo mafutani, na redio yake. Pale hapakuwa na kitu ila kungoja. Na pale ndipo babako alipokuwa akizungumza.

Ni pale aliponiambia kwamba udogoni alitaka kuwa fundi wa saa. Ni pale nilipojua kwamba anaogopa mbwa. Nimelala na mtu miaka, nikajulia benki kwamba anaogopa mbwa! Nami nilimwambia mambo ambayo sikumwambia hata Bi Rukia. Siku moja nilimwambia kwamba wale watoto waliotoka nilikuwa nimeshawachagulia majina. Akaniuliza majina gani. Nikamtajia, moja moja, naye akayarudia kwa sauti ndogo, na hatukumaliza namba yetu ikaitwa.

Tukitoka ananunua glasi mbili za ukwaju kwa yule mzee wa pembeni, analalamikia bei, anakunywa, anashika meno kwa ubaridi. Mwezi unaofuata vile vile.

Sasa kosa langu liko hapa, Maimuna, na ndilo ninalotaka ulichukue begini. Mtu akikaa nawe na mlango uko wazi, unajua kwamba amekaa. Ukimfungia mlango, utajuaje? Nilikuwa nikimtazama ubavuni pangu, anasinzia na tiketi mkononi, na moyo unaniuliza: huyu amekuja na mimi, au ameletwa na saini? Nisingeweza kumuuliza. Angenijibu kwa adabu, na yeye adabu alikuwa nayo nyingi. Yule mwanamke wa Ziwa la Ng'ombe, kumbe, aliolewa Malindi zamani, hata sijui kama baraza lake babako alilikanyaga kweli. Hilo nalo halikunituliza. Hakuoa kwa kuwa hakutaka, au kwa kuwa mahari ilikuwa chini ya kufuli yangu? Nilikuwa na mume ndani, chakula kipo, mtoto yupo, na nilikuwa mpweke. Tena upweke ambao huwezi kumlilia mtu, maana umeupika mwenyewe.

Kisha akaja Kyalo. Unamjua, yule kijana wa dirishani, wa Machakos, anayeniita "mathe" halafu anajirekebisha "mama". Ni mwaka ule ulipoanza masomo ya uuguzi. Siku hiyo alitutazama tukitia saini, mmoja kisha wa pili, akashindwa kuvumilia. "Mzee, mnakatwa bure kila mwezi," akasema. "Badilisheni iwe saini ya mmoja. Mtapewa kadi, mtatoa kwa mashine, pesa yenu itabaki." Akaisukuma karatasi chini ya kioo.

Nikasema, leo ndiyo leo. Mtu wa tyubu na mkasi ameletewa njia ya kuokoa pesa, na njia ya kutoka kwenye kamba yangu, zote mbili kwa karatasi moja. Nisingeweza kukataa mbele ya kijana yule. Nikajiambia, akiichukua nitatia saini na sitasema kitu, nimestahili.

Babako akaisoma karatasi mpaka mwisho, maana hakuwa mtu wa kusoma nusu. Akaikunja vizuri. Akairudisha chini ya kioo.

"Acha wakate," akasema.

"Lakini, mzee..."

"Acha wakate, kijana. Tumezoea hivi."

Nje sikumuuliza kitu. Niliona ananisuta. Niliona ananiambia: ulitaka kamba, haya, kaa na kamba yako. Tukanywa ukwaju, nikarudi nyumbani nikanuna siku nzima na ya pili yake. Wewe ulinipigia simu ukaniuliza mbona sauti yangu iko hivyo, nikakwambia ni jino.

Alivyopooza unajua. Lakini siku ile ya benki wewe ulikuwa zamu, nami nilikuhadithia kwa ufupi kwa sababu ya haya. Hospitali ilitaka pesa, pesa zilikuwa benki, na benki ilitaka saini mbili. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa. Kufuli niliyomfungia yeye ikawa imetufunga sote. Nikamtia kwenye tuktuk, nimemkumbatia asianguke, jua la saa sita, na kila tukipanda tuta nasema moyoni, ni wewe, ni wewe, ni wewe uliyeyafanya haya.

Hakuweza kushuka. Kyalo akatoka mwenyewe mpaka nje, na karatasi, na kile kisahani cha wino wa dole gumba. Babako alipouona wino akatikisa kichwa. Akaniashiria mfuko wa kanzu. Nikaitoa kalamu yake, akaishika kwa mkono wa kushoto, ulimi umetoka kidogo kama mtoto anayejifunza alifu. Mstari ukapanda, ukashuka, ukatoka nje ya karatasi. Akajaribu tena. Kisha akanirudishia kalamu, akampa Kyalo dole lake bila kuambiwa. Nikatia saini yangu pembeni.

Njiani tukirudi, mdomo umekwenda upande, akanisemesha jambo sikulifahamu. Nikamsogezea sikio.

"Wamekata?"

"Wamekata," nikamwambia.

Akacheka. Nusu ya uso ndiyo iliyocheka, lakini alicheka, mwanangu, akanishika kidole kwa ule mkono mzima, na hakukiachia mpaka tukafika hospitali.

Hakukaa sana baada ya hapo. Nikakaa eda. Watu walikuja, wakajaa, kisha wakapungua, ndivyo watu walivyo, wana nyumba zao. Nilipotoka eda, mahali pa kwanza nilipokwenda palikuwa benki, na cheti cha kifo mkobani. Wakaifanya akaunti yangu peke yangu, saini moja. Lo, nimekuwa huru! Kyalo akataka nijaze fomu ya kadi siku hiyo hiyo. Nikamwambia baadaye, na hiyo baadaye haijafika.

Umenigombeza sana kwa hilo. "Mama, mashine iko pale pale nje, wewe unapita unakwenda kupanga foleni ukatwe, una nini?" Ulidhani naogopa mashine. Siogopi mashine mimi. Nilikuwa nachukua tiketi yangu, nakaa kwenye kiti cha chuma, mkoba nauweka kwenye kiti cha pili. Mtu akija anauliza, "Mama, hapa pana mtu?" Inanibidi niutoe mkoba nimpishe. Mwezi unaofuata nauweka tena.

Na ni pale, peke yangu, maneno ya babako yalipoanza kunirudia. Acha wakate. Mtu yule, aliyekuwa akizima taa nikiwa bado nasuka ukili! Aliletewa njia ya kuokoa pesa zake na kuniepuka mimi, akaikunja akairudisha. Pengine alinisuta kweli. Lakini nani atamsuta mkewe kwa kulipa yeye, kila mwezi, mpaka anaugua? Pengine alikuwa ananunua ule mwendo wa asubuhi, na ukwaju, na kule kukaa na mimi bila redio. Pengine kwa mtu bahili hilo ndilo neno la mapenzi, na alilitamka mbele yangu na mbele ya Kyalo, mimi nikanuna. Sijui. Nimelipindua kila upande na bado sijui, na wa kumuuliza yuko kaburini. Majuto ni mjukuu, husema watu, na mimi mjukuu huyo nimempata kabla hujaniletea yule mwingine.

Siku ya pilau ile, njiani tukirudi, ningeweza kumuuliza, "Wewe wasemaje?" Maneno mawili. Nilikuwa na woga, na badala ya kuutamka woga wangu nikaupeleka kwa Bi Rukia, na kutoka kwa Bi Rukia nikaupeleka benki. Huko uendako utampenda mtu, na utaogopa kumpoteza, sote huogopa. Mwambie kwamba unaogopa. Itakuaibisha kidogo, kisha aibu itapita, na utalala ukijua lililoko.

Sasa umefahamu kwa nini karatasi zako zililala chini ya godoro.

Wewe unakwenda. Nimejaribu wiki hii kupika kidogo kama mtu atakayekula peke yake, nikashindwa, mkono unachota mchele wa watu wawili. Ulinipa moyo ukasema, "Nitakutumia kwa simu, mama, hutahitaji kwenda popote." Ulisema kwa wema. Mimi nikaingia chooni nikafungua bomba ili usinisikie. Hutahitaji kwenda popote! Hiyo ndiyo habari ninayoiogopa, mwanangu, na wewe waniletea kama zawadi.

Ndipo nikafikiri: wote wawili. Akiba yako iwe humo, yangu iwe humo, na usiweze kutoa mpaka uje tukakae kwenye viti vya chuma. Ungekuja, najua. Ungenuna kutoka Nakuru mpaka Miritini, lakini ungekuja, na ningekununulia ukwaju. Nilikuwa nimeshapanga mpaka uongo wa kukwambia, kwamba benki ndiyo iliyotaka. Bi Rukia amekufa zamani, ila sikuhitaji kufundwa tena. Kufunga kufuli nimeshajua.

Leo asubuhi, ulipokuwa ukihangaikia vyeti vyako, nikavaa buibui nikasema nakwenda kununua muhogo. Hukuuliza mbona nimerudi mikono mitupu. Nilikwenda kwa miguu, njia ile ile. Kyalo akazipokea karatasi, akazifungua, akatia kidole pale patupu. "Mama, hapa hujaweka alama. Ni yeyote mmoja ama ni wote wawili?"

Maneno yale yale. Nikaona uso wa babako ulivyonigeukia siku ile, na safari hii nikauelewa. Ulikuwa uso wa mtu aliyeambiwa haaminiki, na aliyemwambia ni mtu wake. Kisha nikauona wako, Maimuna, unaipokea habari hiyo huko Nakuru kwa simu, peke yako, na huna wa kumuuliza, "Mama amenionaje?" Nikatafuta kalamu ya babako mkobani. Siku hizi haiandiki mpaka uikune kwanza. Nikaikuna pembeni ya gazeti lililokuwa pale dirishani, na nyuma yangu watu wakaanza kukohoa. "Mama?" akasema Kyalo. "Ngoja, wewe, usinisukume," nikamwambia.

Nikaweka alama kwenye yeyote mmoja.

Kyalo akafurahi kama mtu aliyeshinda kesi. "Sasa kadi inakuja, mama, hutakatwa tena." Nikamwambia nataka kutoa kidogo, za safari ya mwanangu. Akasema, "Basi ngoja kadi, ama nikutumie kwa simu. Ukitoa hapa watakata." Nikamwambia, "Acha wakate." Akainua macho akanitazama, nadhani alikumbuka. Alizihesabu noti polepole, akaniambia nikusalimie.

Pesa hizo ziko kwenye mfuko wa sweta. Sweta liko begini, nimelitia mimi, usijisumbue kulitoa.

Kwa hivyo jibu lako ndilo hilo. Pesa zako na zangu unaweza kuzitoa zote, siku yoyote, bila kuniuliza na bila kuniona. Hakuna karatasi katika Mombasa hii itakayokudai urudi. Kadi nitaichukua, na siku nyingine nitatumia mashine nikufurahishe. Siku nyingine nitakuwa nataka mtu aniulize nimeamkaje, nitakwenda dirishani, na wewe usinipigie kelele.

Nitakuwa mpweke, nakwambia wazi nisije nikasingizia jino. Magharibi zitakuwa nzito, hasa hizi za mwanzo. Usizikimbilie kuja kuzitibu. Nimeishi na upweke wa kumfunga mtu, na huu mwingine, wa kumwacha mtu aende, naona utabebeka.

Naisikia sauti yako kwa jirani, umerudi, unamwamkia Bi Mwanasha. Nakunja. Babako alinikalia ubavuni miaka yote ile na nimebaki na swali lake. Wewe sikukuachia njia ya kunibakishia swali. Siku utakayokuja kupiga hodi kwenye mlango huu, iwe karibu, iwe mbali, hakuna saini itakayokuwa imekuleta. Nitaisikia hodi yako, mwanangu, na nitajua.

Mamako